Lipu inabanduka, moshi haupandi: matatizo ya nyumba za chokaa na jiko la kuni

Wanaoishi katika nyumba za mawe za pwani, kuanzia Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa hadi Mji Mkongwe wa Unguja, hulalamika yale yale. Lipu imevimba. Ukuta unatoa unga. Doa la masizi limepakwa chokaa mara tatu na bado linachungulia. Moshi umejaa jikoni hadi macho yanatoka maji. Na jirani naye, kila mara, ana dawa moja tu: "Piga simenti, yaishe."

Kabla hujapiga chochote, jiulize: ni nini kilichobadilishwa katika nyumba hii? Ukuta wa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, wenye unene wa nusu mita na zaidi, hunyonya maji ya ardhini na ya mvua, kisha huyatoa taratibu kwa jua na upepo. Nyumba nyingi ziliwekewa jiko juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi ujichujie wenyewe. Kwa hiyo tatizo linapotokea, mara nyingi kuna mtu aliyeziba njia: ya maji, ya hewa au ya moshi. Ukimjua aliyeziba na alichozibia, nusu ya kazi imekwisha.

Dalili ya kwanza: lipu inavimba na kubanduka

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sehemu kwa sehemu. Palipo pazima hutoa sauti nzito. Palipoachana hulia kama debe tupu. Chora mpaka wake kwa mkaa. Ukimaliza, simama mbali uangalie mchoro wako, maana umbo la eneo lililoachana husema mengi kuliko fundi atakayekuja kukupa bei.

Kisababishi kinachoongoza ni simenti iliyopigwa juu ya ukuta wa chokaa. Simenti ni ngumu na inabana. Maji yaliyomo ukutani hayapati pa kutokea, yanarundikana nyuma yake pamoja na chumvi, na chumvi ikiganda inasukuma. Nyumbani kwetu tulipiga simenti ukuta wa barazani, ukawa laini kama kioo, kila mgeni akausifia. Masika ya pili ulianza kuanguka kwa vipande vya ukubwa wa sinia, na kila kipande kiling'oka na ngozi ya jiwe mgongoni. Hilo ndilo baya zaidi: simenti haiondoki peke yake. Rangi ya mafuta hufanya uharibifu huohuo, ila polepole zaidi.

Kinachofuata ni maji yenye chanzo chake. Hapo ndipo mchoro wa mkaa unaposaidia. Eneo likiwa chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, maji yanapanda kutoka ardhini. Toka nje uangalie: je, mtaa umeinuliwa kwa kifusi au matofali ya saruji hadi ukapita sakafu ya ndani? Mtaro umeziba? Eneo likianzia juu na kushuka, tazama dari na mfereji wa maji ya mvua. Likiwa ni doa katikati ya ukuta, peke yake, basi uliza kilichopo upande wa pili. Mara nyingi ni choo au bomba. Nyumba za zamani zilikuwa na birika lililopigwa chokaa ndani, na watu walichota maji kwa kata. Siku hizi bomba limepitishwa ndani ya ukuta huohuo na kiungo chake hakionekani mpaka lipu ianguke.

Visababishi vingine ni vya ufundi. Ukuta ulikuwa mkavu au una vumbi siku ya kupiga, hivyo ukainyonya lipu maji yake kabla haijashika. Au fundi alipiga mkono mmoja, yaani tabaka moja, mnene wa sentimita tatu badala ya mikono miwili au mitatu ya takriban sentimita moja kila mmoja.

Tiba ianze kwenye chanzo cha maji. Ziba panapovuja, zibua mtaro, punguza kifusi nje ya ukuta. Kisha ondoa simenti kwa tindo na nyundo ndogo, bila mashine ya kutikisa, kwa sababu mawe ya matumbawe ni laini na udongo unaoyashika ni mkongwe. Acha ukuta wazi ukauke. Wiki chache ni kawaida, na ukuta ulioloa miaka kumi utataka zaidi. Fagia chumvi kwa brashi kavu. Siku ya kupiga, lowesha ukuta tangu jana yake na tena asubuhi, kisha piga lipu ya sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanga uwe wa mtoni au wa shimo, ulioteuliwa na kuoshwa. Wa ufukweni umebeba chumvi ile ile unayoikimbia.

Baada ya hapo, kazi ni ya ndoo na magunia. Chokaa haikauki tu: hurudi kuwa jiwe kwa kuvuta kaboni dayoksidi ya hewani, na huivuta tu ikiwa na unyevu kidogo. Kwa siku saba hadi kumi nyunyizia maji asubuhi na jioni, na funika kwa magunia yaliyoloa. Wakati wa kaskazi, jua linapochoma na upepo ni mkavu, usipofanya hivyo utapata nyufa nyembamba kama utando wa buibui kabla ya Ijumaa.

Simama, usiendelee mwenyewe, ukiona ukuta umetokeza tumbo, ukiona mawe yanatoka pamoja na lipu, au unapobandua ukakuta udongo wa ndani umekuwa unga unaomwagika. Hilo si suala la lipu tena.

Dalili ya pili: ukuta unatoa unga mweupe

Hapa watu huchanganya vitu viwili. Kwangua unga kidogo, tia katika kikombe cha maji safi, koroga, subiri. Ukiyeyuka wote, ni chumvi. Ukizama chini na kubaki mweupe, ni chokaa yenyewe isiyoshika.

Chumvi: usiioshe kwa maji. Utaiyeyusha, ukuta utaimeza, itatokeza tena wiki ijayo. Ifagie kavu, izoe kabisa isibaki sakafuni, rudia kila inapotoka. Ikiwa inatoka kwa wingi, piga lipu nyembamba ya chokaa yenye mchanga mwingi, ukijua kwamba hiyo ni lipu ya kafara: itanyonya chumvi, itachakaa ndani ya mwaka mmoja au miwili, utaibandua na kupiga nyingine. Wasiojua huiita kazi mbovu. Ni kazi nzuri iliyopewa muda wake.

Chokaa isiyoshika ina sababu tatu: imekauka haraka mno, imechakaa, au si chokaa ya kujengea kabisa. Hii ya tatu imewaumiza wengi. Ile chokaa ya shambani, ya kupunguza uchachu wa udongo, mara nyingi ni mawe yaliyosagwa tu bila kuchomwa. Haishiki kitu. Na mfuko wa chokaa ya ujenzi uliokaa wazi dukani miezi mingi huvuta hewa na kurudi kuwa mawe ya unga.

Kipimo chake ni ndimu. Weka kijiko cha chokaa yenyewe, isiyochanganywa na mchanga, kwenye kisahani, kamulia ndimu. Ikitoa povu jingi, imekwisha kufa, irudishe dukani. Ikikaa kimya au kutoa mapovu machache, inafaa. Usipime kwa lipu iliyokwisha changanywa, maana vipande vya makombe mchangani navyo hutoa povu.

Ya mfukoni iloweke angalau siku nzima kabla ya kuitumia, iwe kama maziwa ya mgando. Ile ya tanuu, iliyozimwa (yaani iliyotiwa majini hadi ikaacha kuchemka) na kukaa shimoni chini ya maji, kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini.

Dalili ya tatu: vishimo vidogo vyenye nukta nyeupe ndani

Ukuta umekauka vizuri, kisha baada ya wiki au miezi unaanza kurusha vipande vidogo, kila kimoja kikiacha shimo lenye nukta nyeupe. Sababu ni karibu moja tu: punje za chokaa zilizokuwa hazijazimika zilipopigwa ukutani. Zinazimika humo humo, zinavimba, zinarusha lipu. Hakuna dawa ya kuzizuia. Subiri zimalize, kisha ziba vishimo kwa chokaa laini. Safari ijayo chuja kwa chekeche laini na uiache shimoni miezi mitatu au zaidi.

Anayetaka kuzima chokaa mwenyewe asome hapa mara mbili. Chokaa iliyotoka tanuuni ikikutana na maji huchemka kweli, na kurusha matone. Tia mawe ya chokaa kidogo kidogo ndani ya maji mengi; usimwage maji juu ya rundo la chokaa. Tumia pipa la chuma au shimo, kwa sababu ndoo ya plastiki huyeyuka. Vaa miwani ya kufunika macho, glavu na nguo za mikono mirefu, na watoto wawe mbali. Anayekula tambuu anajua jinsi chokaa kidogo tu inavyochubua ulimi; jichoni ni janga. Ikiingia, osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, ukishikilia kope wazi, na uende hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Dalili ya nne: doa la masizi linarudi

Umepaka chokaa nyeupe ukuta wa jikoni, kesho yake doa la rangi ya chai limejitokeza. Hilo si masizi makavu. Ni utomvu wa moshi, ule mweusi unaonata, na unayeyushwa na maji ya chokaa unayopaka. Kila mkono mpya unaupandisha juu.

Futa kwanza kwa brashi kavu ya waya laini. Osha kwa maji ya moto yenye magadi, suuza, acha pakauke siku kadhaa. Kisha paka mikono minne au mitano myembamba, kila mmoja mwepesi kama maziwa, ukuta ukiwa na unyevu na mkono uliotangulia ukiwa umeshika. Kosa la kawaida ni kupaka mkono mmoja mzito ili kuokoa siku. Huo humenyuka kama ngozi ya aliyeungua na jua.

Likirudi tena, utomvu umezama ndani ya lipu. Bandua sentimita moja ya juu upige upya. Wapo wanaopaka vanishi kwanza. Doa huzuilika, ndiyo, lakini umeziba ukuta na sasa rudi ukasome dalili ya kwanza.

Na kabla ya kazi yote hiyo hakikisha moshi wenyewe umepata pa kutokea.

Dalili ya tano: moshi unajaa jikoni

Anza na kuni. Kuni mbichi hutumia moto kujikausha: zinafoka povu nchani, zinatoa moshi mweupe mzito, na sufuria inachukua masizi ya kunata. Gonganisha vipande viwili; kuni kavu hulia "ko!" kama mbao, na mbichi hutoa sauti iliyokufa. Mipasuko kwenye ncha nayo ni dalili ya ukavu. Pasua magogo kabla ya kuyaanika, yaweke juu ya uchaga mahali penye upepo na paa, na uyape miezi sita kama ni manene. Vifuu vinawaka vizuri sana, lakini makumbi yenye unyevu ni moshi mtupu.

Kuni zikiwa kavu na moshi bado upo, tazama tumbo la jiko. Jivu limejaa? Kuni zimeshindiliwa hadi mdomoni? Moto unataka hewa ipite chini ya kuni, si juu yake. Vipande vitatu vyembamba vilivyoinuliwa kidogo juu ya kichanja cha chuma au kigae huwaka safi kuliko gogo moja.

Jiko lenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi, lina mambo yake. Ukiwasha na moshi ukarudi mdomoni mwa jiko tangu mwanzo, choma gazeti moja kwenye kitako cha dohani. Ukivutwa juu kwa nguvu, bomba lilikuwa baridi tu. Usipovutwa, limeziba kwa masizi au kwa kiota cha ndege. Safisha moto ukiwa umezimika kabisa na jiko limepoa, kuanzia juu kwenda chini, mdomo na pua vimefungwa kitambaa. Anayepika kila siku asafishe kila mwezi hadi ajue jiko lake linajaza kwa kasi gani.

Moshi unaorudi siku fulani tu ni wa upepo. Mtu hujenga dohani wakati wa kaskazi, linavuta vizuri, halafu kusi inaingia na kuusukuma moshi chini, kwa sababu ghorofa ya jirani au kilele cha paa lake mwenyewe kiko upande wa pili. Inua bomba lipite kilele cha paa kwa takriban mita moja, na ulivike kofia.

Lakini katika nyumba za zamani kisababishi nilichokikuta mara nyingi zaidi, baada ya kuni mbichi, ni paa. Makuti yaliondolewa, mabati yakawekwa, na pengo kati ya ukuta na paa likazibwa kwa matofali kuzuia popo. Moshi uliokuwa ukichujia kwenye makuti sasa unagonga bati na kushuka. Suluhisho ni kufungua: acha pengo la kiganja na nusu juu ya ukuta, uweke wavu wa popo, na inua sehemu ya kileleni iwe na paa dogo juu yake. Wapikaji wenyewe, ambao kwa kawaida hawaulizwi wakati wa kubadilisha paa, ndio watakaokuonyesha moshi unajikusanya wapi.

Maonyo matatu. Usipitishe bomba la chuma la moshi katikati ya makuti, hata kwa kulizungushia bati. Cheche moja inatosha kwa mtaa mzima. Ukisikia dohani linavuma kama lori na kuona cheche zikiruka juu, masizi yameshika moto: ziba mdomo wa jiko kama unaweza kufanya hivyo kwa usalama, toa watu wote nje, ita zimamoto. Na mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu jikoni na nafuu ikaja akitoka nje, hiyo ni kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, hutoka zaidi kwenye makaa kuliko kwenye ndimi za moto, hivyo jikoni pasipo na moshi si lazima pawe salama. Usilale chumba kimoja na jiko la makaa. Aliyezimia apelekwe kwenye hewa na hospitalini, bila kusubiri.

Dalili ya sita: jiko lenyewe linamomonyoka

Angalia lilijengwa kwa nini. Mafiga ya jiwe la matumbawe yanatia huruma: jiwe hilo ni chokaa ambayo haijachomwa. Karibu na nyuzi 900 za Selsiasi hugeuka kuwa chokaa, na ndivyo watu wa tanuu walivyokuwa wakifanya, wakipanga matumbawe juu ya magogo. Jikoni moto haufiki huko kila mara, lakini uso wa jiwe hupasuka, hugeuka unga, na lenye maji ndani yake huweza kuruka vipande. Chumba cha moto kilichojengwa kwa simenti nacho hupasuka na kumeguka. Lipu ya chokaa inafaa ukuta ulio nyuma ya jiko, si ndani yake.

Ndani tumia udongo wa kichuguu, uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwa. Ufinyangwe, ushindiliwe, ukauke kivulini wiki mbili hadi tatu. Moto wa kwanza uwe wa vijiti tu. Nyufa ndogo ziloweshwe na kuzibwa kwa udongo uleule. Ufa unaopita ukuta mzima wa jiko hadi moto unaonekana nje unamaanisha jiko jipya.

Dalili ya saba: dari linashuka, boriti zimeliwa

Hapa hakuna tiba ya mwenye nyumba. Unachoweza ni kukagua. Choma ncha ya boriti, pale inapoingia ukutani, kwa bisibisi. Ikizama bila kupingwa, imeoza au imeliwa na mchwa, na sababu huwa ni maji yale yale ya dalili ya kwanza. Masizi yaliyoipaka rangi nyeusi si ugonjwa; boriti nyeusi iliyo ngumu iache ilivyo. Angalia pia sakafu ya juu. Kila anayehamia humwaga simenti nyingine juu ya chokaa iliyoshindiliwa, na boriti iliyokatwa kwa ajili ya chumba cha mita mbili na nusu hubeba uzito ambao hakuna aliyeuhesabu.

Kwa ufa unaoutilia shaka, paka kiraka chembamba cha chokaa kukatiza ufa, andika tarehe kwa penseli. Kikipasuka ndani ya wiki chache, ukuta unatembea. Hamisha watu na vitu vizito kutoka chumba hicho na kile cha juu yake, ita mhandisi anayezijua nyumba za mawe, na usiguse nguzo wala kutoboa mlango mpya hadi afike. Beit al-Ajaib, jengo la Mji Mkongwe la 1883, liliporomoka sehemu ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa.

Katika Mji Mkongwe, matengenezo ya namna hii hupitia Mamlaka ya Hifadhi ya mji huo. Lamu, Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo ya kuanzia. Nenda na picha za ufa zenye tarehe, mchoro wako wa mkaa, na orodha ya kila kilichobadilishwa tangu unapokumbuka: simenti, mabati, bomba, choo kipya. Ni hiyo orodha watakayoitaka kwanza.